Waliomfundisha Nyamizi Moto

Kwenye mji ule kitu kilikuwa hakipo mpaka Jarida liseme kipo. Usicheke. Palikuwa na kilima nyuma ya soko, kilima kikubwa tu, mbuzi wanapanda na kushuka, lakini kwa vile hakuna mtu aliyekiandikia makala ikakubaliwa, watu wa mji walikuwa wanakipita katikati kama wanavuka uwanja. Wakijikwaa wanasema ni uchovu. Wakivunjika miguu wanasema ni malezi mabaya. Na kilima chenyewe, kwa kuambiwa kila siku kwamba hakipo, kikaanza kuona haya, kikawa kinajikunja, kinainama, mbuzi wanateleza. Ndivyo mambo yalivyo. Ukimwambia mtu hayupo, mara ya kwanza atakucheka. Mara ya pili atakutukana. Ya tatu utamkuta ameinama kisimani anajitazama usoni.

Sasa watu wa Mgenda, wale wapika chumvi, walikuwa wamefika hapo pa kisimani. Mji ulichora ramani, na kwenye ramani ukaandika: chemchemi ya maji ya chumvi, haina watu. Watu wa Mgenda waliposomewa maneno hayo walicheka, wakatukana, halafu wakaanza kufifia. Shangazi Mbula alianzia kwenye nyayo. Asubuhi moja aliteremka kitandani akaona kanga yake inaelea juu ya udongo, chini hakuna kitu. Akasema, "Aa, baridi hii." Baada ya siku si nyingi vifundo navyo vikaenda, halafu ugoko, na uzio wa mji ulikuwa unakuja mvua zikikatika, kuizunguka ile chemchemi isiyo na watu.

Nyamizi, mtoto wa kaka yake huyo Mbula, ndiye pekee wa Mgenda aliyesoma mpaka jina lake likabandikwa mlangoni. Alipopata habari za miguu ya shangazi yake akafunga mlango wake huo, akarudi kwao, akakaa chini akaandika makala. Alisema: nitawaandika, Jarida litawachapa, na mji utawaona. Kama dawa yao ni karatasi, basi tutawapa karatasi.

Lakini kuandika makala ya Jarida si kama kuandika barua kwa mchumba. Shangazi alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda, miguu isiyokuwepo ameinyoosha, anauliza kila kitu.

"Hicho kifupi cha juu ni nini?"

"Ikisiri, Shangazi. Ni makala yote kwa ufupi."

"Sasa wakishaambiwa kwa ufupi, kwa urefu watasoma ya nini?"

"Hawasomi."

"Aaa. Na huku pembeni mbona umeacha patupu hivi? Karatasi imekuwa na upara."

"Ni nafasi ya wao kuandika makosa yangu."

"Kwa hiyo umewatandikia na mkeka wa kukutukania! Mwanangu, wewe una adabu kupita kiasi."

Akacheka Nyamizi, lakini kalamu ilikuwa nzito. Maana Jarida lilikuwa na sharia moja inayokula sharia zote: kila neno liwe na shahidi, na shahidi awe ameshachapishwa. Ukisema maji ni maji, umtaje aliyechapwa akisema maji ni maji. Nyamizi alilala na sharia hiyo, akaamka nayo, akala nayo ugali. Akajiuliza: na yule wa kwanza kabisa, aliyechapwa kabla hajachapwa mtu, shahidi wake alikuwa nani? Nani alimfungulia mlango aliyefunga mlango? Mtu yupo kwa sababu ametajwa, au ametajwa kwa sababu yupo? Na kama yupo kwa sababu ametajwa, basi anayetaja ana nguvu kuliko anayezaa. Hapo alinyanyuka, akatoka nje, akatazama moshi wa vyungu vya chumvi, akarudi ndani na hasira nzuri, ile hasira inayonyoosha mgongo.

Kwa sababu huko Mgenda nako kuna sharia. Mtu hawashi moto chini ya chungu cha chumvi kabla hajataja waliomfundisha. Anasimama na kijinga cha moto mkononi, anasema mimi fulani nimefundishwa na fulani, naye alifundishwa na fulani, na fulani na fulani, mpaka pumzi imwishie. Wanaita kutaja moto. Usipotaja, chumvi itakauka vizuri tu, nyeupe, lakini hakuna atakayeigusa. Watakuuliza, hii ya nani? Umeiokota?

Basi Nyamizi akaanza makala yake kwa kutaja moto. Mstari wa kwanza mpaka mwisho wa ukurasa, majina matupu. Akasema: mashahidi wangu hawa hapa. Hawajachapwa, lakini wamepika.

Wakaenda mjini, yeye na shangazi yake, karatasi zimefungwa kwenye kitambaa. Shangazi alikuwa anatembea kwa mazoea tu. Njia ile ilikuwa na tabia mbaya, inarefuka mtu akiiwaza, kwa hiyo waliimba na kusengenya watu mpaka wakafika.

Jengo la Jarida halina madirisha. Lina mlango, na mlangoni pana Bawabu mwenye bakuli.

"Tema jina," akasema Bawabu.

"Nini?"

"Jina lako, mama. Hapa hatutazamani nyuso. Jina nje, karatasi ndani. Ndiyo haki yenyewe."

"Haki ya nani?"

"Haki haina mwenyewe, ndiyo maana ikaitwa haki. Tema, watu wanasubiri."

Nyamizi akatema. Jina likatoka la moto, kama punje ya mahindi iliyotoka kwenye majivu, likalia ndani ya bakuli. Bawabu akalitundika msumarini, kwenye ukuta wenye majina mengi yanayoning'inia kama popo, yananong'onezana. Nyamizi akajisikia mwepesi, wepesi wa kizunguzungu. Shangazi akageuka kumwambia jambo, akafungua mdomo, akabaki hivyo hivyo.

"Wewe... we nanii... huyu... mtoto wa kaka yangu! Ala! Nimekusahau huku nakuona!"

Bawabu akaupekua ukurasa wa kwanza. "Na haya je? Mbona umeleta majina mengine?"

"Hayo si yangu kuyatema," akasema yule aliyekuwa Nyamizi. "Muulize kila mwenye jina lake."

"Wako wapi?"

"Wengi wamekufa."

Bawabu akakuna kichwa. Jambo hilo halikuwa kwenye bakuli lake. "Watajua huko ndani," akasema.

Ndani palikuwa na ukumbi wa kungojea. Wee! Kungojea kwa mahali pale si kungojea kwetu huku, kwamba unakaa, unapiga miayo, unaitwa. Pale mtu anangojea mpaka kungojea kunamzaa upya. Mzee mmoja kwenye benchi alileta makala ya ukame, na tangu alete mvua imenyesha, mafuriko yamepita, na ukame mwingine umerudi, naye amekumbatia karatasi zake anasema safari hii itakuwa na ukweli. Nyamizi alikaa akiwa mwanamke mzima, akaona mikono yake inaingia mikunjo, inatoka mikunjo, mara anakuwa msichana anayeogopa kukosa hesabu, mara bibi asiye na jino. Hakuna jina la kumshikilia, ndiyo maana. Jina ni kama kigingi cha mbuzi, unalitukana linakubana shingo, likitolewa ndiyo unajua fisi wako karibu.

Akawa anajisemea, vipande vipande. Mimi ni nani. Ni yule aliyeandika. Aliyeandika ni nani. Ni yule aliyesikia. Alisikia kwa nani. Kwa hawa. Basi kama hawa hawapo, sikusikia. Kama sikusikia, sikuandika. Kama sikuandika, nani amekaa kwenye benchi hili? Mbona linaniumiza?

Akapita mtu na jagi la maji. Alikuwa na mwili kamili, mabega, vidole, miguu ya kutosha, ila usoni hamna kitu, ngozi tu, laini kama yai.

"Karibu maji," akasema, sauti haijulikani imetokea wapi.

"Ahsante baba," akasema Shangazi. "Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Nilikuwa mkazi wa eneo la utafiti."

"Eneo gani hilo?"

"La kusini mwa mto. Wakazi ni wakarimu."

"Nimekuuliza kwenu, sikukuuliza habari za ukarimu. Jina lako nani?"

"Mtoa Taarifa wa Saba," akasema yule mtu, akamimina maji bila kumwaga hata tone, akaenda. Kumbe alichapwa zamani. Mtu alimwandika, makala ikakubaliwa, akarudishiwa mwili wake wote. Uso hawakumrudishia kwa sababu hautakiwi kwenye kazi hiyo.

Shangazi hakumtazama uso. Alimtazama miguu. "Lakini anatembea," akasema polepole. Na hapo magoti yake mwenyewe yalikuwa yameshaanza kuonyesha benchi upande wa pili.

Wakaitwa.

Chumba cha hukumu kilikuwa na meza, na mezani Mhariri Mkuu, bwana mwembamba mwenye kalamu nyekundu sikioni, anaitwa Tuntufye. Nyuma yake pazia. Nyuma ya pazia Watahini, ambao hakuna anayewajua na wao hawamjui mtu. Ndivyo ilivyosemwa.

"Mtahini wa Kwanza," akasema Mhariri.

Pazia likasema, "Nzuri. Fupisha." Ukasikika mkoromo.

"Mtahini wa Pili."

Mtahini wa Pili alikuwa hajalala. "Kazi ina juhudi," ikasema sauti, "lakini mwandishi hajui mipaka. Ukurasa wa kwanza ni orodha ya watu wasiojulikana. Wafutwe. Iandikwe: watoa taarifa wa eneo husika. Halafu, mwandishi anasema 'sisi'. Sisi nani? Iwe 'wao'."

Nyamizi akatega sikio. Sauti ile anaijua. Kile kikohozi kidogo kabla ya 'lakini'. Ile 's' inayopita kwenye pengo la jino. Akasogea mpaka kwenye pazia.

"Wewe ni mimi," akasema.

Akalishika pazia.

"Wewe ni jina langu. Nimekutema mlangoni sasa hivi. Nani amekuleta huku?"

"Nimeitwa," likasema Jina, na halikuona haya. "Walitafuta mjuzi wa chumvi ya Mgenda wa kuipima makala hii. Wakatazama ukutani. Jina linalojulikana kwa chumvi ya Mgenda ni moja tu. Wangemwita nani mwingine?"

Hilo ndilo kosa la mahali pale, na haliwezi kutokea kwingine kokote. Walificha majina vizuri sana mpaka wakampa mtu kazi yake mwenyewe aihukumu.

"Basi ipitishe," akasema Nyamizi. "Unajua ni kweli yote."

"Kweli naijua. Lakini hebu fikiri," likasema Jina, sasa kwa sauti ya kubembeleza. "Wakiandikwa watoa taarifa, mimi naandikwa mjuzi. Wakiandikwa kwa majina yao, mimi ni nani? Wa mwisho kwenye msururu. Mtoto aliyeshika kijinga. Nimekaa kwenye kiti hapa, kina mto. Unajua lini mara ya mwisho tulikaa kwenye mto?"

Mhariri akagonga meza. "Imekubaliwa kwa masahihisho madogo. Futa majina, weka watoa taarifa, piga sahihi, kesho Mgenda ina watu. Uzio hautakwenda. Kataa, na makala haikuletwa, na huyu mama hapa," akamnyooshea kalamu Shangazi, ambaye kanga yake sasa ilikuwa imejaa kuanzia kiunoni tu, "atakuwa ameisha kabla hamjafika nyumbani."

Shangazi Mbula akamshika mkono. Mkono ulikuwa bado upo, una joto na harufu ya moshi.

"Futa, mwanangu."

"Shangazi!"

"Futa. Mimi nataka miguu yangu. Hao wengine wamekufa, watamlaumu nani?"

"Umemwona yule wa maji? Utarudi bila uso."

"Uso wenyewe umeshazeeka."

"Nitakusalimia, hutaniambia hata nimekonda. Utaniambia wakazi ni wakarimu."

Shangazi machozi yakamtoka, na Nyamizi akaona jinsi jambo lilivyo: anaombwa na mtu anayempenda amfanye asiwe mtu, ili apate kuwepo. Huo ndio ulikuwa mtego. Wamekutoa kwenye nafasi yako, halafu wanakuuzia kipande chake, na wewe unashukuru kwa sababu miguu inauma. Alitamani kukubali. Asikudanganye mtu kwamba jasiri hatamani kukubali. Alitamani mpaka kalamu akaiona tamu.

"Sifuti," akasema.

"Nini?"

"Sifuti hata mmoja. Mmenitoa jina langu, sawa, lilikuwa langu. Haya ni ya watu. Kama Jarida lenu ni dogo hawaenei, tafuteni kubwa."

"Basi nitafuta mimi," akasema Tuntufye, akachomoa kalamu sikioni. Desturi yao ni kufuta kwa kusoma kwa sauti, kila jina lisikie kifo chake. Nyamizi akauweka mkono wake bapa juu ya ukurasa. Mhariri hakujali, akapitisha wino mwekundu juu ya vidole vyake, anasoma kinachoonekana katikati ya kidole na kidole:

"Mwandishi alifundishwa na Mbula. Futa. Naye Mbula alifundishwa na Nzobe. Futa. Naye Nzobe alifundishwa na Kasinde..."

"Ngoja, ngoja," akasema Shangazi. "Rudia hapo. Mbula kafundishwa na nani?"

"Nzobe."

"Nzobe?" Machozi yalikatika palepale. "Nzobe mke wa Ruhaga? Nzobe aliyekuwa anakuja kuniomba kaa la moto kila alfajiri, amebeba kigae kama ombaomba? Huyo ndiye kanifundisha mimi? Nani kaandika upuuzi huu!"

"Shangazi, si sasa," akasema Nyamizi.

"Sasa hivi! Mimi kila nikiwasha nataja: Mbula, mwanafunzi wa Kasinde! Muulize mtu yeyote!"

Pazia likatikisika. "Kasinde alikufa wewe uko mgongoni!" likasema Jina. "Alikufundisha ukiwa umelala?"

"Nani huyo anabweka huko?"

"Ulisema mwenyewe! Mwaka wa nzige, umekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ukasema mara ya kwanza kukoroga, Nzobe ndiye aliyekushika mkono!"

"Alinishika nisiungue! Kunishika mkono nisiungue ndiyo kunifundisha?"

"Sasa kufundisha ni nini kama si hiyo?"

"We mtoto usinijibu kwa maswali! Nimekutawaza mimi ukiwa mchanga! Nimekutafunia nyama! Leo unajificha nyuma ya shuka unanipa Nzobe awe mwalimu wangu? Toka huko! Nyamizi! Nyamizi weee! Toka uyaseme hayo mbele ya macho yangu!"

Basi Jina lililokumbukwa na kuitwa vile, na mtu wa kwao, kwa hasira ya kwao, lingekaaje kwenye mto? Lilipasua pazia. Lilitoka limetoa macho, limesahau kama lenyewe ni Mtahini, kidole kimeinuliwa, linapiga kelele "mwaka wa nzige, mwaka wa nzige!" likamkuta mwenyewe amesimama mdomo wazi, likaingia. Nyamizi akalimeza, likamchoma koo, akakohoa, akamalizia sentensi yake mwenyewe: "...na Nzobe anastahili kutajwa, Shangazi, hata kama alikuwa na mdomo!"

"Hastahili!" akasema Shangazi, akapiga mguu chini.

Kishindo kikasikika.

Wote wakatazama chini. Palikuwa na mguu. Mguu wa kizee, una magaga, una kovu la maji ya moto juu ya kidole gumba. Na wa pili ubavuni mwake, umepanuka vilevile. Shangazi mwenyewe ndiye wa mwisho kuona, maana alikuwa bado anamhesabu Nzobe makosa yake.

Mhariri Tuntufye alikuwa ameegemea ukuta. "Mtahini ameonekana," akasema kwa sauti ndogo. "Haijawahi kutokea. Makala imebatilika. Haikuletwa. Nyinyi hamkuja."

"Lakini miguu hii hapa," akasema Nyamizi.

"Haijachapishwa!"

"Ndiyo nakuonyesha. Haijachapishwa, na inanuka jasho."

Akaanza kukusanya karatasi zake.

"Acha hizo. Huwezi kuchukua kitu ambacho hakipo."

"Basi na wewe huwezi kunizuia," akasema Nyamizi, akazifunga kwenye kitambaa, kurasa zina mistari myekundu yenye matundu ya umbo la vidole vyake.

Walipopita ukumbini watu walisimama, maana ugomvi ule ulisikika mpaka nje. Shangazi akamkuta yule wa jagi. Hakumwuliza jina tena. Alimwuliza, "Baba, nani alikufundisha kumimina maji bila kumwaga?" Yule mtu akaligeuza jagi mikononi. "Kulikuwa na mama," akasema. "Alikuwa... alikuwa anakohoa." Na kwenye ile ngozi laini pakainuka kitu, hakijawa pua, lakini kinataka kuwa. Wakamwacha hapo anakumbuka, kwa sababu kukumbuka ni kazi ya mtu mwenyewe, husaidiwi.

Safari ya kurudi walibishana njia nzima. Shangazi alikubali Nzobe atajwe, ila kwa sauti ya chini. Nyamizi akasema hapana, sauti ni moja. Wakanuniana mpaka wakafika Mgenda, wakawasimulia watu jinsi miguu ilivyorudi kwa kubishania majina.

Mvua zikakatika. Wenye uzio wakaja, na nguzo, na nyundo, na ramani. Walikuta moshi. Walikuta watu wametanda chemchemi nzima, wengine wamekamilika, wengine bado mguu nusu, kila mmoja na kijinga mkononi, wanataja na kubishana, huyu anasema usiniruke, yule anasema babu yako alikuwa mvivu hatajwi, kelele tupu. Nyamizi alikuwa amepiga magoti anapuliza moto wake wa kwanza, macho yanamwaga machozi ya moshi, pembeni ya chungu kidogo alichopewa cha kujifunzia.

Mkubwa wa wenye uzio akaikunjua ramani, akaitazama, akawatazama, akaitazama tena.

"Hapa hapana watu," akasema.

Shangazi Mbula hata hakuinua kichwa. Alikuwa anakoroga.

"Sogea kidogo, baba," akasema. "Umekanyaga kuni zangu."

Yule bwana akasogea.